Kocha wa Mbio Ndefu Aajiriwe, Asiazimwe

Tarehe 15 Septemba, 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros karibu kabisa na utepe, akashinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha. Baada ya kilomita 42 na zaidi, tofauti kati yao ilikuwa sehemu tatu katika mia za sekunde. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Taifa zima lilishangilia, na sisi wa Moshi, tunaokaa chini ya mlima ambao dunia nzima huja kuupanda na kukimbia miguuni pake, tulishangilia pamoja na wenzetu.

Furaha ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo, kila ushindi wa namna ile unatudai swali moja ambalo aghalabu hatuliulizi, kwa sababu vigelegele hulifunika. Swali lenyewe si nani aliyekimbia, maana huyo tumemwona sote. Swali ni nani aliyemlea mkimbiaji miaka yote kabla hajajulikana, na huyo mlezi alikuwa akila wapi.

Tukitazama historia yetu tutaona kwamba wakimbiaji wakubwa wa nchi hii wamepitia milango miwili mikubwa. Mlango wa kwanza ni jeshi. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa askari. Juma Ikangaa, aliyekuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, alikuwa ofisa wa jeshi. Simbu naye ni mwanajeshi. Jeshini mkimbiaji ana uhakika wa chakula, malazi na mshahara, na mwalimu wake wa riadha ni mtu wa jeshi kama yeye, mwenye cheo na mshahara wake. Hangoji mashindano ndipo ale.

Mlango wa pili ulikuwa nje ya nchi. Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso. Alishinda mita 10,000 za vyuo vya Marekani miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978 na wa mita 10,000 mwaka 1982, naye alisoma katika chuo hicho hicho. Huko waliwakuta makocha walioajiriwa na chuo, wenye ofisi, mikataba na mishahara kama walimu wengine wa chuo.

Milango hiyo miwili inatofautiana kwa mengi, lakini inafanana kwa jambo moja: ndani yake kocha ni mwajiriwa. Tunalo sasa swali la mlango wa tatu, ambao ndio uliotufanya tuandike leo. Mlango huo ni vyuo vyetu wenyewe.

Hakuna mji mdogo katika nchi hii wenye sababu kubwa zaidi ya kuliuliza swali hilo kuliko Moshi. Mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003, huanzia na kumalizikia katika uwanja wa Ushirika, kwenye chuo kilichoanzishwa mwaka 1963 kuwa Chuo cha Ushirika na ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Njia ya mbio hizo hupanda kuelekea Mweka, ambako kuna Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, nacho kilianzishwa mwaka 1963. Mjini humu humu tunacho Chuo Kikuu Katoliki Mwenge na chuo kikuu cha tiba cha KCMC. Kutoka hapa Njoro hata Mweka ni mwendo ambao mkimbiaji aliyezoea huumaliza kabla chai ya asubuhi haijapoa, naye atakuwa ametoka kwenye joto la mjini akafika kwenye ubaridi wa migomba na hewa nyepesi ya mlimani. Wageni hulipa nauli za ndege waje wakimbie siku moja katika njia hiyo. Wanafunzi wetu wanaishi pembeni mwake kwa miaka mitatu, na wengi wao huondoka bila ya mtu yeyote kupima pumzi zao.

Utaratibu uliozoeleka katika vyuo vingi vya nchi hii unajulikana. Michezo huwekwa chini ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ofisa wa michezo, kama yupo, ni mmoja, naye hushughulikia soka, netiboli, mpira wa wavu, kikapu, jezi, usafiri na barua za ruhusa. Mashindano ya vyuo yanapokaribia, hutafutwa mtu wa kuwasimamia wakimbiaji. Pengine ni mwalimu mwenye moyo, pengine ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, pengine ni mkimbiaji wa zamani anayeishi jirani. Mtu huyo huazimwa. Hukaa na vijana wiki mbili au tatu kambini, hulipwa posho ya siku hizo, hupewa fulana na kushukuriwa kwenye hotuba. Mashindano yakiisha, na yeye amekwisha, mpaka mwaka ujao.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu watu hao. Wengi wao ndio waliobaki kuushika uzi usikatike kabisa, na taifa lina deni kwao. Tunalolisema ni kwamba namna ya kumlipa mtu ndiyo inayomfundisha namna ya kufanya kazi. Anayelipwa kwa siku za mashindano atafanya kazi ya siku za mashindano. Na katika mbio ndefu, kazi ya siku za mashindano ndiyo ndogo kuliko zote.

Ni lazima tueleze jambo hili vizuri, maana wengi wetu tumelelewa na soka na tunadhani kila mchezo hukomaa kwa kambi. Mkimbiaji wa masafa marefu hujengwa kwa miaka. Moyo wake unaimarika polepole, mishipa midogo ya damu inaongezeka ndani ya misuli, na mwili unajifunza kutumia nishati kwa uchumi. Lakini mifupa na kano za miguu hukomaa polepole zaidi kuliko pumzi. Hapo ndipo hatari ilipo. Kijana akikazwa kwa miezi miwili, pumzi yake itakuwa tayari na miguu yake bado. Atajiona ana nguvu, ataongeza mwendo, na siku moja atasikia maumivu kwenye muundi au nyuma ya kisigino, na kipaji chake kitaishia hapo. Kazi kubwa ya kocha wa mbio ndefu ni kumzuia kijana asikimbie zaidi ya anavyoweza kuhimili, na hiyo ni kazi ya kila siku, ya kila mwezi, kwa miaka. Haiwezi kufanywa na mtu anayekuja wiki mbili kwa mwaka, hata angekuwa mjuzi kuliko wote.

Watu wa mlimani hawahitaji kufundishwa somo hili, kwa sababu wanalo shambani. Mbuni uliopandwa leo hauchumwi mwakani. Mkulima wa Kibosho, Uru au Old Moshi huupalilia, huukata matawi, huufikishia maji ya mfongo, na kungoja miaka mitatu au zaidi kabla ya mavuno ya maana. Je, yuko mkulima anayemwita mtunza shamba wiki mbili kabla ya kuchuma, akamlipa kwa siku hizo, kisha akashangaa kwamba buni ni haba? Katika kahawa tungemcheka mtu huyo. Katika riadha tumemfanya kuwa ndio utaratibu.

Madhara ya utaratibu huu ni matatu, na yote yanawaangukia vijana.

La kwanza ni kwamba kocha wa kuazimwa hatafuti wa kumjenga, hutafuta aliyekwisha kujengwa. Muda wake hauruhusu zaidi ya hapo. Atauliza nani alikimbia sekondari, nani ametoka Mbulu au Hanang, nani ana ndugu mkimbiaji. Binti wa Marangu aliyepanda na kushuka mlima na mzigo wa majani tangu utoto, asiyejua hata mara moja kwamba ana kipaji, hatamwona. Atamaliza shahada yake, na mlima utakuwa umemfundisha bure.

La pili ni kwamba kambi ya haraka huvunja. Kocha huyo anajua atahukumiwa kwa medali za wiki moja, kwa hiyo atawakaza. Akiumia kijana, kocha hatakuwapo kumwuguza, kwa kuwa mkataba wake wa maneno ulikwisha siku basi liliporudi.

La tatu ndilo zito kuliko yote, na halisemwi waziwazi. Kocha asiyelipwa na chuo hulipwa na miguu ya kijana. Mtu lazima aishi. Kama hana mshahara, ataishi kwa fungu la zawadi za mbio za barabarani, ambazo siku hizi ziko karibu kila mwisho wa wiki katika miji yetu. Sasa mtazame mtu huyu katika mizani ya insafu. Maslahi ya kijana yanataka apumzike, na maslahi ya kocha yanataka akimbie Jumapili hii na Jumapili ijayo. Hatusemi kila kocha atauchagua mfuko wake. Tunasema ni dhuluma kumweka mtu mwema katika njia panda ya namna hiyo, halafu tukamsifu kwa kujitolea. Tuliopita kwenye vyuo vya Kurani tukiwa wadogo tulifundishwa kwamba ujira wa mtu hautakiwi kusubiri hata jasho lake likauke. Hapa jasho limekauka miaka mingi, na ujira haujapangiwa hata fungu.

Tukitaka kujua mambo yanavyoweza kuwa, tutazame Japani. Mchezo wao mkubwa wa vyuo ni mbio za kupokezana za Hakone, zilizoanza mwaka 1920. Kila mwaka, tarehe 2 na 3 Januari, timu za vyuo hukimbia kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi, vipande kumi, kilomita zipatazo 217. Mwaka 2004 chuo kikuu cha Aoyama Gakuin, ambacho kilikuwa hakijaonekana katika mbio hizo kwa miongo, kilimwajiri Susumu Hara. Hakuwa mtu mashuhuri. Alikuwa amefanya kazi ya mauzo katika shirika la umeme, akaiacha kazi hiyo yenye uhakika kwa mkataba wa miaka mitatu.

Miaka hiyo mitatu ilikwisha bila ya timu kufuzu. Katika nchi yetu hadithi ingeishia hapo. Chuo kilimwongezea muda. Mwaka 2009 timu yake ikarejea Hakone baada ya miaka 33. Mwaka 2015 ikashinda kwa mara ya kwanza, na kufikia 2025 ilikuwa imeshinda mara 8. Kuanzia kuajiriwa hadi ushindi ni miaka 11. Kila anayesimamia makadirio ya fedha za chuo aikumbuke hesabu hiyo. Kama wangemlipa Hara kwa posho ya mashindano, asingepata hata senti kwa miaka ya kwanza, maana mashindano yenyewe hakuyafikia. Alilipwa ili ajenge, na alijenga. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Marekani nako kuna mafunzo, lakini mengine ni ya tahadhari. Kocha wa mbio za chuo kule huhudumia misimu mitatu kwa mwaka mmoja: mbio za nyika wakati wa vuli, uwanja wa ndani wakati wa baridi, na uwanja wa wazi wakati wa machipuko. Hata hivyo mshahara wake huwa mdogo sana ukilinganishwa na ule wa kocha wa mpira wa miguu wa Kimarekani wa chuo hicho hicho, ambaye hulipwa mamilioni ya dola. Utajiri peke yake, kwa hiyo, hauleti haki.

Mwaka 1991 chama cha michezo ya vyuo cha nchi hiyo, NCAA, kilipitisha kanuni ya kuwabana makocha wasaidizi wa daraja moja wasilipwe zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka, yaani 12,000 kwa miezi ya masomo na 4,000 kwa kiangazi. Makocha walikwenda mahakamani. Mwaka 1998 mahakama ya rufani ilikubaliana nao kwamba vyuo havina haki ya kukaa pamoja na kupanga kumpunja mfanyakazi, na mwaka 1999 chama hicho kilikubali kulipa dola milioni 54.5 kumaliza mashauri hayo. Bado kilibaki cheo cha kocha wa kujitolea, asiyeruhusiwa kulipwa hata mshahara mdogo. Nacho kilifutwa katika daraja la kwanza la vyuo hivyo Julai 2023. Hata nchi tajiri kuliko zote, basi, ilihitaji zaidi ya miaka 30 na amri za mahakama kukiri kwamba anayefundisha anafanya kazi, na kazi ina ujira.

Tahadhari ya pili kutoka huko inahusu kipimo cha ujira. Shahanga alipokwenda El Paso alikuwa tayari bingwa wa Jumuiya ya Madola, na Nyambui alikuwa mtu mzima, si kijana aliyetoka sekondari. Chuo kilipata mataji, na vijana wetu walipata elimu na mashindano ya kiwango cha juu. Hatuna kinyongo na jambo hilo. Lakini somo ni kwamba kocha anayehesabiwa kwa mataji tu atanunua waliokomaa badala ya kulea wachanga. Tukiwaajiri makocha wetu kisha tukawaambia kwamba mshahara wao utategemea medali, tutakuwa tumeirudisha posho kwa mlango wa nyuma.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa, na tungependa kuzijibu moja moja.

Wako watakaosema makocha wakubwa hawakulipwa kwa kufundisha mbio, na watamtaja Bruda Colm O'Connell wa Ireland, aliyefika shule ya Mtakatifu Patrick, Iten, Kenya, mwaka 1976, na ambaye miongoni mwa wanafunzi wake ni David Rudisha, mwenye rekodi ya dunia ya mita 800 ya dakika 1 na sekunde 40.91 aliyoiweka London mwaka 2012. Ni kweli kabisa kwamba Bruda Colm hakwenda Iten kwa mshahara wa ukocha. Lakini alikwenda akiwa mwalimu mwenye kazi ya kudumu, nyumba ya kulala na shirika la dini lililomtunza. Hakuwa na haja ya kuuza miguu ya mwanafunzi apate unga. Alikaa, miaka kumi, ishirini, arobaini. Kwa hiyo mfano wake hauwapingi wanaodai ajira, bali unawaunga mkono: kinachozaa wakimbiaji ni kocha anayeweza kukaa. Mtawa hukaa kwa sababu ya nadhiri yake. Baba wa watoto wanne wa Pasua au Majengo atakaa kwa sababu ya mshahara, wala hilo halimpunguzii heshima.

Wako watakaosema wanafunzi wamekuja kusoma, si kukimbia. Hao tunawajibu kwamba mazoezi yasiyo na mwalimu ndiyo yanayogombana na masomo, kwa kuwa hufanywa kwa kukurupuka na kwa kambi zinazowatoa darasani. Mazoezi yenye ratiba ya mwaka mzima humalizika alfajiri, kabla ya kipindi cha kwanza.

Wako, mwisho, watakaosema fedha hakuna. Hili ndilo pingamizi la kweli, na tunalipa heshima yake. Chuo kimoja, chenye upungufu wa vitabu na mabweni, kinaweza kuona haya kuajiri kocha wa mbio peke yake. Lakini tuko Moshi. Hapa ndipo wakulima wa kahawa walipounda umoja wao, na tangu mwaka 1933 KNCU ikawafundisha watu kwamba asichokiweza mmoja hukiweza wengi. Chuo cha Ushirika kilijengwa katika mji huu kwa maana hiyo hiyo. Itakuwa ajabu basi, kama vyuo vinavyokaa katika mji wa ushirika vitashindwa kushirikiana kumlipa mtu mmoja.

Pendekezo letu ni hili. Vyuo vinne vya Moshi na Mweka vikae pamoja na kuajiri kocha mmoja wa mbio ndefu kwa wote, kila kimoja kikichangia robo ya mshahara wake. Wanafunzi wa vyuo vyote wakutane naye alfajiri katika uwanja mmoja siku za mwendo wa kasi, na siku za mwendo mrefu wapande naye barabara ya Mweka. Baada ya muda aongezewe msaidizi, na ingefaa sana mmoja wa hao wawili awe mwanamke, kwa kuwa wasichana wetu wengi huacha mazoezi kwa kukosa mtu wa kumweleza yanayowasibu.

Katika kumwajiri, yafuatwe mambo manne.

Kwanza, nafasi itangazwe. Isigawiwe kwa kujuana, wala isiwe zawadi ya uzeeni kwa mtu aliyewahi kukimbia vizuri. Kukimbia ni kipaji kimoja na kufundisha ni kingine. Wako waliofundishwa kazi hii katika Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, na wako waliosomea elimu ya michezo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waitwe, wasailiwe pamoja na wengine. Kila mwombaji alete mpango wa maandishi wa mazoezi ya miaka mitatu ya kijana asiyewahi kukimbia. Tena aulizwe swali moja lisilokwepeka: wale uliowafundisha miaka mitano iliyopita, leo wako wapi, na miguu yao ikoje?

Pili, mkataba usipungue miaka minne. Shahada nyingi ni za miaka mitatu. Miaka minne itampa kocha nafasi ya kumpokea kijana, kumlea, kumwona akihitimu, na kujifunza kutokana na makosa kabla ya kuhukumiwa.

Tatu, mshahara wake ulingane na wa mkufunzi wa chuo mwenye elimu kama yake, pamoja na bima, likizo na akiba ya uzeeni. Kwa upande wake, na jambo hili liandikwe ndani ya mkataba, asiguse hata shilingi ya zawadi ya mwanafunzi. Chuo kikimlipa kwa ukamilifu kitakuwa na haki ya kumkataza kwa ukamilifu.

Nne, apimwe kwa kazi yake. Kila mwisho wa mwaka aulizwe ni wanafunzi wangapi walianza naye na wangapi wamebaki, ni wangapi wamepunguza muda wao wenyewe, ni wangapi wameumia na kwa nini, na ni wangapi wamefaulu mitihani. Medali ziandikwe pia, lakini ziandikwe mwisho.

Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, pamoja na viongozi wa riadha, wanao wajibu wa kuvisaidia vyuo kuandaa masharti ya kazi hii, ili kesho na keshokutwa kijana anayetaka kuwa kocha ajue kwamba ni kazi yenye ngazi, wala si sadaka anayoiomba. Na wadhamini wa mbio za barabarani, wanaotumia njia zetu na mlima wetu, wasione vibaya wakiombwa sehemu ya mapato iende kwenye fungu hilo.

Tangu Bayi na Nyambui waliporudi kutoka Moscow na medali zao mbili za fedha mwaka 1980, nchi yetu haikupata medali nyingine ya Olimpiki hadi michezo ya Paris mwaka 2024 ilipomalizika. Katika muda huo vizazi vingi vya wanafunzi vimeingia na kutoka vyuoni. Hatuwezi kusema ni wangapi kati yao walikuwa na moyo na mapafu ya Nyambui, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameajiriwa kuwatafuta.

Kila mwanzo wa mwaka barabara ya kuelekea Mweka hujaa maelfu ya watu waliovaa namba vifuani, na mara nyingi jirani zetu wa Kenya ndio wanaotangulia. Tunawapongeza, kwa maana wamestahili. Lakini tunawaomba wakuu wa vyuo vya Moshi na Mweka, watakapokaa kupanga makadirio ya mwaka ujao, wafungue ukurasa wa michezo, wauangalie mstari wa posho ya kocha, waufute, na mahali pake waandike neno mshahara.